Lebo Haivaliki

"Mtaalamu, mtumba bado unalipa?" Nafundisha mambo ya vitambaa, kwa hiyo swali hili halinikosi, harusini wala msibani. Anayeuliza huwa ameshajijibu. Anachotaka ni mimi nimthibitishie kwamba jinzi aliyoinunua soko la Karume kwa bei ya duka ni "ya Ulaya" na itamzika.

Haitamzika. Ndani ya belo moja la kilo 45 mna shati litakalorithiwa na wadogo zake wawili, na mna fulana itakayokuwa dekio kabla ya Idi. Mtumba si bidhaa moja, basi swali nitalijibuje kwa ndiyo au hapana? Niulize kitambaa ni cha nini na kimebakiza nini.

Ugonjwa wenyewe ni imani kwamba mtumba "umeshapimwa". Hoja huenda hivi: nguo imevaliwa Uingereza miaka na miaka, imepigwa mashine, na bado nzima, kwa hiyo inaishinda mpya ya Kariakoo. Zamani ilikuwa kweli. Nguo iliyokaa kabatini mwa mtu miaka kumi ilikuwa imefanya mtihani, na zilizofeli ziliishia jalalani hukohuko bila kuiona meli. Hata leo ukikuta shati lenye lebo ya St Michael, lichukue na usibishane sana: Marks & Spencer waliachana na jina hilo mwaka 2000, kwa hiyo shati lina zaidi ya miaka ishirini na bado lina kola. Hilo limepimwa.

Lakini siku hizi huko zinakotoka nguo zinanunuliwa kwa bei rahisi, zinavaliwa mara chache, zinatolewa. Nyingine zinatua hapa na kibandiko cha bei bado kinaning'inia, na muuzaji anakuonyesha kwa fahari, eti haijavaliwa! Ndugu yangu, nguo hiyo haijafaulu mtihani, haijaufanya. Unaufanya wewe, kwa fedha yako, kwenye jua la Dar na sabuni ya unga.

"Lakini lebo ni ya Italia." Lebo ya shingoni inataja jina la mwenye biashara. Tafuta ile ndogo iliyofichwa kwenye mshono wa ubavuni: Bangladesh, Vietnam, China. Levi's wenyewe walifunga viwanda vyao vya kushonea vya Marekani miaka ishirini na kitu iliyopita. Na mzigo wenyewe hautoki Ulaya na Marekani tu; China nayo inatuletea mitumba kwa wingi.

Sasa kitambaa chenyewe. Sina ugomvi na polyesta, ambayo sasa ni zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani. Haikatiki ovyo, ila inaota vijidonge, inashika harufu ya jasho, na mchana wa Februari utaijutia. Adui wa mnunuzi wa mtumba ni ule uzi wa kuvutika, elastini, uliojaa kwenye jinzi za kubana. Unazeeka kwa joto, kwa klorini na kwa umri tu, kama mpira wa manati uliosahauliwa juani. Magoti yakishatuna hakuna fundi wa kuyarudisha.

Haya, sokoni. Inua nguo kwenye mwanga utazame kwapa na katikati ya mapaja, ndiko kitambaa huisha kwanza. Vuta kiuno uachie. Kisiporudi, weka chini. Ukitaka kujaribu kwa kiberiti, chomoa uzi wa kitambaa chenyewe, si wa mshono, maana hata shati la pamba tupu mara nyingi hushonwa kwa uzi wa polyesta, nawe utalihukumu bure. Pamba huacha jivu laini, polyesta huyeyuka ikaganda tone gumu. Nunua mashuka, makoti, mashati ya pamba, nguo za watoto wachanga wanaozikimbia kabla hazijachakaa. Acha taitsi, raba za soli ya povu zilizokaa muda mrefu, na nguo za ndani, ambazo Tanzania imezipiga marufuku kwa sababu nzuri. Fua kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyovumilia, piga pasi, vaa. Bei ikikaribia ya shati jipya la pamba, nunua jipya. Na muuzaji akikukatalia kugeuza nguo ndani nje, mrudishie, hamia meza ya pili.