Namba Tasa Iliyo Ndani ya Saa za Kompyuta

Mtu wa Kehancha mwenye ng'ombe 12 aweza kuwagawa sawasawa kwa njia nyingi: mafungu mawili ya sita sita, matatu ya wanne wanne, na kadhalika. Lakini akizaliwa ndama mmoja wakawa 13, hesabu hukataa. Ama wakae wote pamoja, ama kila mmoja peke yake. Namba isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe huitwa namba tasa. Jina hilo ni kali kidogo, kwani namba hizo ndizo zinazozaa nyingine zote kwa kuzidishwa.

Iko namba tasa moja kubwa ambayo imewagusa watu wengi wasioijua, nayo ni 2,147,483,647. Kuipata si kazi: anza na 1, uiongeze maradufu mara 31, kisha utoe 1. Kazi ni kuthibitisha kwamba ni tasa, maana njia hiyo hudanganya. Ukiongeza maradufu mara 11 na kutoa 1 utapata 2,047, nayo ni 23 mara 89.

Aliyethibitisha ni Leonhard Euler, mtaalamu wa Uswisi aliyefanya kazi Urusi, katika mwaka 1772, naye wakati huo macho yake yalikuwa karibu kupofuka kabisa. Hakuhitaji kuijaribu kwa kila namba. Kama ingekuwa ni zao la namba mbili, iliyo ndogo isingepita 46,340, kwa sababu 46,341 mara 46,341 huzidi. Tena alijua kanuni iliyomwezesha kuziacha nyingi hata katika hizo.

Sasa, kompyuta huandika hesabu zake kwa alama mbili tu, 0 na 1. Nyingi za zamani zilitengewa nafasi 31 za kuhesabia wakati, na namba kubwa kupita zote iwezayo kuandikwa katika nafasi hizo ndiyo hiyo ya Euler. Utasa wake si sababu, zimekutana tu. Kompyuta hizo huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, saa sita ya usiku kwa saa za Greenwich. Nafasi zitajaa Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, ambapo Kehancha itakuwa saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde ifuatayo, mashine isiyorekebishwa yaweza kudhani kwamba ni Desemba 1901, na kukosea tarehe za madeni, riba na stakabadhi.

Kompyuta mpya zimetengewa nafasi 63, zitoshazo miaka bilioni 292 hivi. Hatari imebaki katika mitambo mikuukuu na programu za zamani, na mwenye duka au chama cha ushirika anayetunza hesabu kwa mashine ya namna hiyo yafaa amwulize fundi wake mapema kama imekwisha kurekebishwa.