Maji ya Bafuni Yanapounguza Ghafla

Nyumba nyingi za mjini siku hizi zina hita ndogo ya umeme iliyofungwa kwenye bomba la mvua. Ni msaada mkubwa, ila wazazi waijue tabia yake: hita nyingi za aina hii hazipimi joto la maji. Zinatoa moto uleule muda wote. Maji yakipita mengi, hutoka vuguvugu. Yakipita machache, moto uleule huangukia maji kidogo, nayo hutoka ya kuunguza. Kwa hiyo mtu akifungua bomba la jikoni, au maji ya tangi yakipungua, aliye bafuni yuko hatarini. Matundu yaliyoziba kwa chumvi ya maji huleta shida hiyohiyo. Yasugueni, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu. Tatizo likibaki, aitwe fundi.

Mtoto mdogo asiogeshwe kabisa chini ya bomba hilo. Ngozi yake ni nyembamba, na maji ya nyuzi 60 humuunguza vibaya kwa sekunde chache tu. Kingeni maji kwenye beseni, koroga vizuri, kisha mpime kwa kiwiko, si kwa kiganja kilichozoea masufuria. Nyuzi 37 zinamtosha.

Akiungua, mwagieni maji baridi ya bomba, yasiyo na barafu, kwa dakika 20. Mvueni nguo zisizogandia, funikeni jeraha kwa kitambaa safi, mpelekeni hospitali. Msipake dawa ya meno, ute wa yai wala majivu; kuviondoa wodini humuumiza mtoto mara ya pili.