Anayeajiri Naye Aonyeshe Cheti

Mwanafunzi wangu wa zamani alirudi kutoka usaili katika ofisi moja ya umma hapa Eldoret akiwa amenywea. Swali la kwanza lilikuwa, "Nyumbani mnasema lugha gani?" La pili halikuwapo. Swali ambalo sisi wanaisimu huliuliza kwa ajili ya elimu lilikuwa limegeuzwa chujio.

Mwalimu hashiki chaki pasipo kusajiliwa na Tume ya Kuajiri Walimu (TSC). Je, anayempima mtafuta kazi amepimwa na nani? Sheria ya Wataalamu wa Usimamizi wa Rasilimali Watu ya mwaka 2012 inamtaka naye asajiliwe na awe na cheti cha kuhudumu. Katiba ya 2010, kifungu cha 232, imeagiza ushindani wa haki na ustahilifu. Lakini mkuki kwa nguruwe!

Wapo watakaosema kuwa cheti hakiondoi ukabila. Kweli, cheti si maadili. Hata hivyo, aliyesajiliwa aweza kufutwa katika sajili. Asiyesajiliwa hana cha kupoteza.

Mtafuta kazi hathubutu kuuliza. Basi ofisi na zivitundike vyeti hivyo ukutani, kama afanyavyo mwenye duka la dawa.