Istilahi za Kamera: Lenzi Gani Huoana na Kamera Gani?

Katika maandishi ya ofisi hakuna yanayodharauliwa kama orodha ya vifaa vya kununuliwa. Barua hupitiwa mara mbili au tatu, hotuba husomwa kwa sauti kabla ya kutolewa, lakini orodha ya vifaa huandikwa mbiombio na kutiwa sahihi. Hata hivyo ni orodha hiyo inayotoa fedha, na neno likikosewa humo, kosa haliondoki kwa kufutwa. Makala haya yanachunguza sehemu ndogo ya orodha hizo, yaani maneno yanayohusu kamera za dijitali na lenzi zake. Tutajaribu kuonyesha kwa nini maneno tuliyoyazoea hayatoshi, kisha tutapendekeza yanayoweza kutufaa.

Tuchukue mfano wa skuli ya sekondari iliyoko Wete, kisiwani Pemba. Tuseme skuli hiyo ina kamera ya Canon yenye lenzi iliyokuja nayo, ya milimita 18 hadi 55. Wanafunzi wanataka kupiga picha za popo wa Pemba, mnyama asiyepatikana penginepo duniani, ambao mchana huning'inia juu ya miti mirefu huko Kidike. Kwa lenzi ya milimita 55 popo hao huonekana mfano wa majani makavu. Basi mwalimu anaandika ombi: "Lenzi moja kubwa ya kamera ya Canon." Ombi linakwenda Chake Chake, kutoka huko Unguja, kisha Dar es Salaam, na baada ya wiki kadhaa kifurushi kinateremshwa bandarini Mkoani. Ndani yake mna lenzi ya Canon, nayo ni kubwa kweli, lakini haiingii katika kamera ile.

Muuzaji amepeleka alichoombwa, na mwalimu ameomba kwa maneno aliyokuwa nayo. Hapana budi tukiri kwamba kasoro iko katika lugha ya ombi. Neno "kubwa" halikueleza kitu, na jina la kampuni halikutosha kuonyesha aina ya lenzi, kwa sababu kampuni moja hutengeneza lenzi za namna mbalimbali zisizoingiliana.

Kioo na lenzi

Istilahi zetu nyingi za upigaji picha zilikuja pamoja na filamu. Mpaka leo twasema "kusafisha picha", ingawa siku hizi aghalabu picha hutolewa kwa mashine pasipo beseni la maji wala dawa. Neno hilo limeishi kuliko kazi iliyolizaa, nalo halimdhuru mtu. Neno "kioo" halina usalama huo. Katika mazungumzo lenzi huitwa kioo cha kamera. Lakini ndani ya kamera tunayoizungumzia mna kioo kingine, cha kujitazamia, kinachoipeleka nuru iliyopita katika lenzi hadi kwenye jicho la mpiga picha, na kinachoinuka pale kidude cha kupigia kinapobonyezwa. Tangu mwaka 2018 kampuni za Canon na Nikon zimejiingiza kwa nguvu katika kamera zisizo na kioo hicho cha pili. Mfasiri akiandika "kamera isiyo na kioo", msomaji aweza kufahamu kwamba kamera inauzwa bila ya lenzi.

Kwa hiyo yafaa neno "kioo" liondolewe kabisa katika maana ya lenzi. "Lenzi" ni neno la vitabu vya fizikia, nalo halina ugomvi. Kamera yenye kioo cha ndani tuiite "kamera akisi", kutokana na kitenzi "kuakisi", na ile isiyokuwa nacho tuiite "kamera isiyo akisi". Sehemu ya kamera inayobaki lenzi ikiondolewa tuiite "kiwiliwili".

Maana tatu ndani ya neno moja

Muuzaji akiulizwa kama lenzi "inaingia", huweza kujibu ndiyo kwa ukweli, na mnunuzi akapata hasara. Sababu ni kwamba neno "kuingia" limebeba mambo matatu yaliyo mbalimbali. Tunapendekeza kila moja lipewe neno lake: kupachikika, kuenea na kuwasiliana. Neno "kuoana" libaki kwa lenzi iliyotimiza yote matatu.

La kwanza ni kupachikika. Kila mtu dukani ajua kuwa globu ya pini haiingii katika holda ya kuzungusha, hata kama zote mbili ni za nguvu moja ya umeme. Hali ni hiyo hiyo kwa lenzi. Mahali lenzi inaposhikana na kiwiliwili tunapendekeza paitwe "pachiko", kutokana na "kupachika", kama vile "andiko" lilivyotokana na "kuandika". Neno "kikalio" lingeweza kufaa kwa maana, lakini liko karibu mno na "makalio", na mwalimu yeyote aweza kukisia litakavyopokewa darasani.

Pachiko la Nikon liitwalo F lilianza mwaka 1959. Canon ilianzisha pachiko lake la EF mwaka 1987, na kwa kufanya hivyo ililiacha lile la FD lililotangulia. Mwaka 2018 zilikuja pachiko mbili za kamera zisizo akisi: RF la Canon na Z la Nikon. Lenzi ya RF haipachikiki kwenye kamera akisi ya EF, na hiyo ndiyo lenzi tuliyoiwazia katika kifurushi cha Wete.

Huenda msomaji akauliza kama hapana kifaa cha kuunganisha pachiko mbili. Kipo, lakini si kwa kila pachiko, na sababu ni ya hesabu. Kila lenzi imetengenezwa ikae umbali maalumu kutoka mahali picha inapotua. Umbali huo ni milimita 46.5 kwa Nikon F, 44 kwa Canon EF, 42 kwa Canon FD, 20 kwa Canon RF na 16 kwa Nikon Z. Lenzi ya Nikon F ikitiwa katika kamera ya Canon EF, hubaki nafasi ya milimita 2.5, na pete nyembamba huweza kuijaza. Kinyume chake hakiwezekani kwa pete tupu: lenzi ya Canon EF katika kamera ya Nikon F itakuwa imekaa mbali kuliko inavyotakiwa, nayo itaona vilivyo karibu tu, wala mnazi ulioko ng'ambo ya ghuba hautatulia katika picha. Kwa kanuni hiyo hiyo lenzi za kamera akisi huhamia kwa urahisi kwenye kamera zisizo akisi, ila zile za kamera zisizo akisi hazirudi nyuma.

Pete hiyo hatupendekezi iitwe "adapta", kwa kuwa neno hilo limekwisha kushika maana ya kifaa cha umeme, na atakayeliona katika orodha ataleta cha kuchajia. "Pete patanishi" lina maana iliyo wazi zaidi.

La pili ni kuenea. Lenzi hutupa picha ya duara, na ndani ya duara hilo hukaa "kihisi", yaani bamba linalopokea nuru pale ilipokuwa filamu. Kihisi chenye ukubwa wa filamu ya zamani, milimita 36 kwa 24, tukiite "kihisi kamili". Kamera akisi nyingi za bei ya wastani zina kihisi kidogo zaidi, kiasi cha milimita 23.5 kwa 15.6 katika Nikon na 22.3 kwa 14.9 katika Canon. Hicho tukiite "kihisi cha kati". Hatukukiita kidogo, kwa sababu kihisi cha simu ni kidogo zaidi ya hicho mara nyingi.

Lenzi zilizotengenezwa kwa kihisi cha kati zina alama ya DX kwa Nikon na EF-S kwa Canon. Hapa kampuni hizi mbili huachana. Lenzi ya DX hupachikika kwenye kamera ya Nikon yenye kihisi kamili, lakini haienei, na kamera hulazimika kutumia sehemu ya katikati tu, isiyofikia nusu ya eneo la kihisi. Lenzi ya EF-S, iliyoanza mwaka 2003, haipachikiki kabisa kwenye kamera ya Canon yenye kihisi kamili. Lenzi ya EF hukubali zote mbili. Alama za Canon ni rahisi kufundisha: nukta nyekundu ni ya EF na mraba mweupe ni wa EF-S. Kiwiliwili chenye alama zote mbili hupokea lenzi za namna zote mbili, na chenye nukta nyekundu peke yake hupokea EF tu.

Jambo hili lina uzito kwa anayenunua kidogo kidogo. Skuli inayotumaini kubadilisha kiwiliwili baada ya miaka michache, na kuchukua chenye kihisi kamili, yapaswa ijue leo kwamba lenzi ya EF-S haitahamia huko, bali ya EF itahamia.

La tatu ni kuwasiliana. Lenzi ya siku hizi hupokea amri za umeme kutoka kwa kiwiliwili: ifungue tundu la nuru kiasi gani, na ifokasi wapi. Katika Canon EF mota ya kufokasi imo ndani ya lenzi. Katika Nikon, lenzi nyingi za zamani hazina mota, zikitegemea mota ya kiwiliwili. Kuanzia kamera ya D40 ya mwaka 2006, viwiliwili kadhaa vya bei nafuu, vikiwamo vya mfululizo wa D3000 na D5000, havina mota hiyo. Lenzi isiyo na mota hupachikika humo, huenea vizuri, lakini kufokasi kutakuwa kwa mkono. Kwa picha ya msikiti wa magofu ya Ras Mkumbuu hilo halina neno, maana ukuta hauendi popote. Kwa mchezo wa ng'ombe ni balaa. Katika Nikon, alama ya AF-S huonyesha lenzi yenye mota yake. AF-P, iliyokuja mwaka 2016, nayo ina mota, lakini baadhi ya kamera za zamani haziielewi, na kwa hizo hata kufokasi kwa mkono hakuwezekani.

Tarakimu zinazopotosha

Tarakimu za juu ya lenzi nazo zahitaji uangalifu. "18-55 mm" ni urefu wa fokasi: tarakimu ikiwa ndogo lenzi huona mapana, ikiwa kubwa huvuta kilicho mbali. Lakini "58 mm" iliyotanguliwa na alama ya duara lililokatwa kwa mstari ni kipenyo cha mdomo wa lenzi, ambacho hutakiwa pale tu mtu anaponunua kichujio. Mfasiri asiyelijua hili aweza kuandika kwamba lenzi ina urefu wa fokasi wa milimita 58.

Hali kadhalika husemwa kwamba kihisi cha kati "huirefusha" lenzi mara 1.5 katika Nikon au mara 1.6 katika Canon. Lenzi hairefuki. Kihisi hukata kipande cha katikati cha picha, ndipo lenzi ya milimita 300 katika Nikon ikaonekana kama ya 450. Tarakimu hiyo tuiite "kizidisho", na katika orodha iandikwe urefu wa fokasi wenyewe, kama ulivyochorwa juu ya lenzi.

Ombi lililoandikwa upya

Baada ya kupata maneno hayo, ombi la skuli yetu laweza kuandikwa hivi:

"Lenzi moja ya kamera akisi ya dijitali. Pachiko: Canon EF au EF-S. Urefu wa fokasi: ufike milimita 250 au zaidi. Ienee kihisi cha kati. Ifokasi yenyewe katika kamera tuliyonayo, ambayo namba yake ya aina imeandikwa hapa chini. Ikiwa imekwisha kutumika, isiwe na koga ndani. Haitapokewa mpaka ijaribiwe juu ya kiwiliwili hicho."

Sharti la koga si la ziada. Unyevu wa visiwani huotesha koga baina ya vioo vya lenzi iliyofungiwa kabatini, na koga ikikaa sana hula uso wa kioo. Mnunuzi aimulike lenzi kwa tochi kabla ya kulipa.

Walimu wa sarufi watatambua kwamba jambo hili si geni. Twawafundisha wanafunzi kwamba "kiti" hudai "kizuri" na "miti" hudai "mizuri", na kwamba haitoshi maneno kukaa jirani, sharti yakubaliane. Lenzi na kiwiliwili vina upatanisho wao pia, na alama EF, EF-S, F, DX na RF ndizo viambishi vyake.

Istilahi zinazopendekezwa ni hizi:

Kamera akisi: kamera yenye kioo cha ndani kinachopeleka nuru ya lenzi kwenye jicho.
Kiwiliwili: kamera bila ya lenzi.
Pachiko (ma-): mahali lenzi inaposhikana na kiwiliwili.
Kupachikika: kuweza kushika katika pachiko.
Kihisi kamili, kihisi cha kati: bamba la kupokea nuru, kwa ukubwa wake.
Kuenea: kwa lenzi, kufunika kihisi chote kwa picha.
Kuwasiliana: kwa lenzi na kiwiliwili, kupeana amri za umeme.
Pete patanishi: pete ya kuunganisha pachiko mbili zisizofanana.
Kizidisho: tarakimu ya kulinganisha kihisi cha kati na kihisi kamili.
Kuoana: kupachikika, kuenea na kuwasiliana kwa pamoja.

Mapendekezo haya yanawekwa mbele ya wasomaji ili yapimwe. Wapiga picha wa Chake Chake, Wete na Mkoani wanazo lenzi mikononi kila siku, na pengine wana neno lililo bora kuliko "pachiko". Likiwapo, na litumike. Lisilofaa kuendelea ni kuandika "lenzi kubwa" na kungoja meli.