Kusoma Huku Unamtazama Mtu: Teleprompta kwa Vikundi Vinavyotangaza Moja kwa Moja



Siku hizi si ajabu kupita Mutomo ama Kibwezi ukakuta kikundi cha akina mama wamefunga simu kwenye kijiti chini ya mti, wanaongea na watoto wao walio Nairobi, Mombasa, na hata Qatar. Jambo hili lilishika kasi kuanzia Machi 2020, serikali ilipofunga makanisa kwa sababu ya korona na Misa ikawa ya kutazamwa kwa simu. Milango ilipofunguliwa Julai mwaka ule, waliruhusiwa watu wasiozidi 100 kwa saa moja, na wazee wa zaidi ya miaka 58 wakaambiwa wabaki nyumbani. Vijana waliojifunza kazi hiyo parokiani ndio hao hao wanaoitwa na vikundi leo: kuna harambee ya karo, kuna mkutano mkuu wa mwaka, kuna viondo na asali vya kuonyesha wanunuzi wa mbali. Wengine wanaita laivu, wengine mubashara. Ni kutangaza moja kwa moja tu, yaani unavyosema ndivyo mtu anavyosikia wakati ule ule, ama sekunde chache baadaye.

Shida inaanza mweka hazina anaposimama kusoma hesabu. Anainamia kitabu. Kamera inaona kitambaa cha kichwa, haioni uso. Kule Mombasa yuko mwanakikundi ambaye hutuma shilingi 500 kila mwezi na hajafika nyumbani tangu Krismasi. Anatazama mtu anayehesabu pesa zake akiwa ameangalia chini, na moyo wake unauliza: mbona hatuangalii? Kumbe mama wa watu anasoma tu, hana neno. Akisema basi aache kitabu, aongee kwa kichwa, 43,500 inageuka 45,300, na neno likishatoka hewani halirudi, maana tayari mtu ameirekodi. Nimeona vikundi vikikaa baraza mbili nzima kusuluhisha tofauti ya namna hiyo, na pesa zenyewe zilikuwa benki salama salimini.

Kuna kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya shida hii hii. Kinaitwa teleprompta. Wengi wetu tulipokuwa tukitazama taarifa ya habari ya saa moja jioni tulidhani msomaji ameyashika yote kichwani, kwa vile macho yake hayabanduki kwetu. Sivyo. Maneno yanapita mbele ya kamera, naye anayasoma.

Kifaa hiki kilianzia Marekani mnamo 1950, na kilibuniwa kwa ajili ya waigizaji wa televisheni waliokuwa wakisahau maneno yao. Fred Barton, mwigizaji, ndiye aliyekuwa na wazo, na mhandisi Hubert Schlafly akalifanya liwe mashine. Wakati huo maneno yaliandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi ndefu iliyoviringishwa, ikizungushwa pole pole kando ya kamera. Wanasiasa hawakukawia kuipenda. Mwaka 1952 Eisenhower, akigombea urais, alisikika hewani akilalamika kwamba mashine haisongi. Kwa hivyo mkikwama siku moja msione aibu, mko na wenzenu wakubwa.

Siku hizi karatasi imeachiwa nafasi simu ama tableti, na kilichobaki cha maana ni kioo. Ukisimama usiku ndani ya nyumba yenye taa ukatazama dirishani, unajiona mwenyewe kwenye kioo. Aliye nje gizani naye anakuona vizuri, lakini wewe humwoni. Teleprompta ni dirisha hilo. Kamera inakaa nyuma ya kioo, gizani, na inakuona wewe uliye kwenye mwanga. Wewe nawe huioni kamera, unaona maneno yaliyomulikwa kwenye kioo. Ukiyasoma, macho yako yanakuwa yameelekea kwenye kamera kabisa.

Mnaweza kutengeneza chenu. Tafuteni kioo cha fremu ya picha, kile chembamba. Kioo kinene kinaleta maneno mawili mawili, moja likiwa kama kivuli cha lingine, kwa sababu upande wa mbele na wa nyuma yote miwili inarudisha mwanga. Kingo zake zisuguliwe kwa msasa ama zifungwe kwa utepe, msije mkakatana vidole. Fundi wa mbao atawapigia sanduku dogo lisilo na uso wa mbele, ama mtumie katoni ngumu. Kioo kikae kimelala nusu, katikati ya kusimama wima na kulala chali, yaani digrii 45. Ukingo wake wa juu uje upande wa msomaji, na wa chini urudi upande wa kamera. Hapa ndipo wengi hukosea, wanakilaza kinyume, kisha wanaona anga na majani ya mti badala ya maneno. Chini ya kioo, kwenye sakafu ya sanduku, simu yenye maneno inalazwa ikitazama juu, kichwa cha maandishi kikielekea kwa msomaji. Nyuma ya kioo inawekwa ile simu ya pili, inayopiga picha. Halafu chukueni kitambaa cheusi mfunike nyuma na pembeni zote, libaki tundu la kamera tu. Kitambaa kikiwa cha rangi nyepesi mwanga utapenya na maneno yatafifia.

Kioo hugeuza maneno kama yanavyogeuka ukiyatazama kwenye kioo cha kunyolea. Kwa hivyo programu ya teleprompta mtakayoweka kwenye simu lazima iwe na uwezo wa kugeuza maandishi kushoto kulia, ili kioo kiyarudishe sawa. Programu za bure zenye kazi hiyo ni nyingi. Mkishaiweka jaribuni kwanza jambo moja: andikeni sentensi ya Kikamba yenye herufi ĩ na ũ. Programu nyingine huonyesha vijisanduku vitupu mahali pa herufi hizo, na msomaji akifika hapo anaduwaa.

Kama kikundi kina simu moja tu, msikate tamaa. Kuna programu ambazo maneno yake huelea juu ya skrini wakati kamera inafanya kazi. Yasogezeni hadi karibu kabisa na tundu la kamera, yawe mistari miwili mitatu mifupi. Si sawa na kioo, macho yataonekana yameteremka kidogo, lakini ni afadhali mara kumi kuliko kuinamia kitabu. Na kama hata hiyo imeshinda, kijana ashike kadibodi yenye maandishi ya kalamu nene kando ya kamera, azibadilishe moja moja. Televisheni kubwa zimefanya hivyo miaka mingi.

Msomaji asisimame karibu sana. Akiwa karibu watazamaji huona macho yakienda kushoto na kulia kama ya mtu anayetafuta mwizi sokoni. Hatua mbili kubwa kutoka kwenye kioo zinatosha, herufi ziwe kubwa za kusomeka kutoka hapo, na mistari iwe mifupi, maneno manne ama matano. Anayevaa miwani aivae. Ukumbini tumewaona wazee wakiificha mfukoni kwa ajili ya picha, halafu wanasoma kwa kubahatisha.

Sasa maneno yenyewe. Hapa ndipo ningetaka mkae zaidi, maana kioo ni kazi ya mchana mmoja lakini kuandika ni kazi. Msichukue muhtasari wa mkutano mkauweka vile ulivyo. Lugha ya muhtasari ni ya faili. Yule karani aandike kama mtu anavyoongea: "Tulianza mwaka na shilingi elfu arobaini na tatu, mia tano. Leo tuko na elfu sitini na moja." Sentensi fupi. Pesa ziandikwe kwa maneno, si kwa tarakimu, kwa sababu jicho linaloteleza juu ya 61,000 na 610,000 haliwezi kutofautisha haraka. Mahali pa kupumua paachwe mstari mtupu. Mahali pa kuonyesha kitu paandikwe kabisa, kwa mfano ONYESHA KIONDO, la sivyo kiondo kitabaki mezani hadi mwisho.

Namba ya kutumia pesa ina sheria yake. Isomwe tarakimu mbili mbili ama tatu tatu, irudiwe mara mbili, na iwe pia imeandikwa kwenye kadibodi inayoonekana nyuma ya msomaji muda wote. Jina litakalotokea kwenye simu ya mtumaji lisemwe pia, ili mtu alinganishe kabla ya kubonyeza. Namba moja ikikosewa, pesa ya watu inaingia kwa mtu msiyemjua. Mkiona kwenye maoni mtu ameandika namba nyingine akisema ni ya kikundi, ifutwe mara moja na msomaji atangaze kwamba si yetu. Matapeli wanapenda harambee za hewani kuliko sisi.

Kuna yale ambayo hayafai kupita kwenye kioo. Orodha ya wanaodaiwa mikopo ni moja. Ndani ya kikundi ni haki kuisoma, ndiyo kazi ya mkutano. Hewani ni kumvua mtu nguo mbele ya dunia, na nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayolinda habari za mtu binafsi. Vile vile hali ya ugonjwa wa mtu, na picha za watoto wanaosaidiwa karo. Kamati ipitishe maandishi yote kabla, mwenyekiti, karani na mweka hazina waweke sahihi kwenye nakala moja ya karatasi. Hiyo nakala ibaki kwenye faili. Siku mtu akibisha kilichosemwa, kuna pa kuangalia. Na hiyo karatasi msomaji aiweke pia karibu naye siku ya kutangaza, kwa sababu simu huzima.

Anayesukuma maneno yapande ni mtu wa muhimu kuliko anavyofikiriwa. Kanuni ni moja: yeye ndiye anamfuata msomaji, msomaji hamfuati yeye. Mama akinyamaza, maneno yanasimama. Akitoka nje ya maandishi kumsalimia mtu, maneno yanamngoja pale pale. Programu ikiachwa isonge peke yake, msomaji huanza kukimbizwa, na sauti inakuwa ya mtoto anayekariri shairi shuleni. Mpeni kazi hii kijana mtulivu, si yule anayejua simu sana lakini kila dakika anatazama ujumbe wake.

Na si kila mtu awekwe kwenye kioo. Katika karibu kila mwethya kuna mama asiyejua kusoma, lakini akisimama kueleza jinsi walivyobeba mawe ya bwawa la mchanga, watu hunyamaza wote. Huyo mwacheni aongee vile anavyoongea. Mkimlazimisha maneno ya karani mtakuwa mmempokonya sauti. Kioo ni cha hesabu, namba, tarehe, majina ya wageni na shukrani ambazo hakuna anayetakiwa kusahauliwa. Yale ya moyoni hayahitaji programu.

Kuhusu gharama, msihesabu kioo na mbao tu. Picha ya kawaida inayopeleka megabiti 1 kwa sekunde hula kama megabaiti 450 kwa saa, na ikiwa safi zaidi hula mara mbili ama tatu. Nunueni bando ya kutosha na ya akiba. Simu inayotangaza isiwe ile ambayo watu wanapigia, kwa sababu simu ikiingia katikati matangazo yanaweza kukatika. Laini ya intaneti itoke kwenye simu nyingine. Na jua letu la Kitui mnalijua: simu ikiachwa juani mchana kweupe hupata moto na kujizima yenyewe. Fanyeni asubuhi ama baada ya saa kumi, kivulini, mwanga ukimwangukia msomaji usoni, si kwenye kioo.

Wiki moja kabla, fanyeni jaribio zima. Facebook ina nafasi ya kutangaza ukionekana na wewe mwenyewe tu. Tumieni hiyo, dakika kumi zinatosha, kisha mtazame pamoja kwa sauti. YouTube mara ya kwanza inaweza kuwangojesha hadi saa 24 kabla ya kuwaruhusu kutangaza, kwa hivyo msije mkafungua akaunti asubuhi ya harambee huku wageni wameshaketi na chai inapoa.