Usiwaachie madalali usukani wa biashara yako

KATIKA mipaka yetu, kuanzia Busia hadi Rusumo, wapo wafanyabiashara ambao wamevuka kwa miaka mingi wakiwa na mtaji uleule walioanza nao. Si wavivu. Wanaamka alfajiri, wanalala sokoni na kupigwa na jua na mvua. Lakini maamuzi makubwa ya biashara yao hufanywa na watu wengine. Dalali anapanga bei, dereva anachagua soko, mkopeshaji anachagua bidhaa, na kijana wa langoni ndiye anayewaeleza forodha inataka nini.

Mfanyakazi wa ofisini akitaka kupanda cheo ana mkubwa wa kumwendea. Mfanyabiashara wa mpakani hana. Asipojipangia mwenyewe mwelekeo wa kazi yake, watakaompangia watatazama faida yao kwanza.

Zijue karatasi zako

Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005. Kwa utaratibu wake, bidhaa iliyozalishwa katika nchi wanachama haitozwi ushuru wa forodha ikivuka kwenda nchi nyingine mwanachama, mradi itimize masharti ya uasili. Kwa mfanyabiashara mdogo upo utaratibu mwepesi zaidi. Mzigo ukiwa na thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, na bidhaa ikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, unaweza kupata cheti rahisi cha uasili kwa maofisa wa forodha palepale mpakani.

Hata hivyo, cheti hicho hakifuti kila kitu. Kodi za ndani zinaweza kubaki, na mazao yanahitaji pia cheti cha afya ya mimea. Asiyejua tofauti hiyo anaumia mara mbili: analipia asichodaiwa, halafu mzigo unazuiwa kwa kukosa kile kilichotakiwa. Ndipo wengi wanapokimbilia njia za panya, ambako mtaji wa mwaka mzima unaweza kupotea usiku mmoja.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye iliyaruhusu tena kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na mzigo uwe na cheti cha kuthibitisha kuwa kiwango cha sumu kimo ndani ya kinachokubalika. Tangu hapo, mwenye mahindi ambaye hajui yalikaushwaje wala yalipimwa wapi amekuwa akibahatisha. Anayejua huanza kuuliza shambani, kabla ya kutoa fedha.

Daftari litasema ukweli

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano, bei zikiwa za kukadiria tu. Umenunua magunia 20 ya vitunguu Mang'ola kwa Sh80,000 za Tanzania kila moja, ukayapeleka Kenya kupitia Namanga na kuuza kwa fedha iliyo sawa na Sh115,000 kwa gunia. Kichwani unaona faida ya Sh700,000.

Sasa andika. Ununuzi ni Sh1,600,000. Usafiri Sh200,000, wapagazi Sh40,000, dalali Sh60,000, nauli yako, chakula na malazi Sh50,000. Jumla ni Sh1,950,000. Magunia mawili yameoza, umeuza 18 na kupata Sh2,070,000. Faida halisi ni Sh120,000 kwa safari ya siku sita, yaani Sh20,000 kwa siku. Dalali amepata nusu ya faida yako bila kuweka hata senti kwenye mzigo.

Hesabu hiyo ndiyo inayoonyesha pa kushika. Huenda jibu ni kukausha vitunguu vizuri zaidi ili visioze, kupata mnunuzi wa moja kwa moja, au kukodi gari pamoja na wenzako watatu. Huenda pia jibu ni kuachana na vitunguu. Lakini bila daftari utalaumu soko, na safari ijayo utarudia yaleyale.

Amua unakoelekea

Kuna wanaobeba nyanya mwezi huu, mitumba mwezi ujao, dagaa baada ya hapo, kila mara wakifuata walichosikia kinalipa. Wanafika sokoni pamoja na mamia ya wengine waliosikia habari hiyohiyo. Mwenye kuchagua bidhaa moja au mbili na kuzifuatilia misimu kadhaa hujua bei inashuka lini, nani analipa kwa wakati na shamba gani linatoa mzigo safi. Ujuzi huo dalali hawezi kuuchukua.

Jiwekee pia lengo lenye tarehe. Kwa mfano, kabla ya mwaka kwisha uwe umelipa deni la mkopeshaji na kuanza kununua kwa fedha yako, au uwe umesajili biashara na kupata namba ya mlipakodi. Mzigo wako ukizidi dola 2,000 utatoka kwenye utaratibu rahisi na utahitaji wakala wa forodha. Siku hiyo wakala awe mtu uliyemwajiri kwa kazi unayoielewa, na ukiweza kuisoma hati yake kabla hujamlipa.