Nyama choma kambini: Jiko la gesi lafaa Ukambani, ila lina masharti yake

TANGU barabara ya kutoka Kibwezi hadi mjini Kitui kupitia Ikutha na Mutomo ilipotiwa lami, mzunguko ambao zamani ulihitaji gari imara na subira nyingi umekuwa safari ya wikendi. Familia huondoka Nairobi alfajiri, zikateremka Barabara Kuu ya Mombasa hadi Emali na Makindu, zikakata kushoto pale Kibwezi, kisha zikarejea nyumbani kwa njia ya Machakos.

Baadhi hubeba mahema. Wengine, ambao idadi yao yaonekana kuongezeka, husafiri kwa magari yaliyotengenezwa mithili ya nyumba: kitanda nyuma, sinki ndogo ubavuni, au hema lililofungwa juu ya paa. Wapo wanaolala chini ya vilima vya Chyulu, wapo wanaopiga kambi karibu na Jiwe la Nzambani, lile ambalo wenyeji husimulia kwamba anayelizunguka mara saba hubadilika jinsia.

Katika makundi yote hayo ni nadra kumpata msafiri asiyekuwa na paja la mbuzi ndani ya boksi la barafu. Swali ni atalichoma kwa moto gani.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa gunia la makaa lililonunuliwa kando ya barabara. Jibu hilo sasa lina walakini. Mapema mwaka 2018, aliyekuwa Gavana wa Kitui, Bi Charity Ngilu, alipiga marufuku biashara ya makaa na uchotaji wa mchanga katika kaunti hiyo, hatua iliyozua mvutano mkubwa baina ya wakazi na wafanyabiashara waliotoka nje. Mwezi Februari mwaka uo huo, serikali ya kitaifa ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Amri hiyo ya kitaifa, iliyotangazwa kuwa ya siku 90, iliongezwa mara kwa mara hadi ilipoondolewa mwaka 2023.

Wakazi wa Ukambani hawahitaji kufafanuliwa chanzo cha hatua hizo. Mgunga unaochukua miaka mingi kukua katika ardhi yenye mvua haba huisha kwenye tanuri kwa siku chache, na mto ulio karibu hukauka mapema kuliko mwaka uliotangulia.

Kuna pia suala la moto wenyewe. Kati ya Juni na Oktoba, nyasi za Chyulu na za nyika inayopakana na Tsavo huwa kavu kama karatasi, na upepo wa kusini-mashariki huvuma kutwa. Kaa moja lililopeperushwa kutoka jikoni laweza kuteketeza malisho ya wafugaji wa eneo zima. Moto umevikumba vilima hivyo mara nyingi. Moto wa gesi, tofauti na makaa, huzimika mara tu unapofunga kiwashio, na hauachi majivu yanayofuka usiku kucha wakati wenye kambi wamelala.

Hiyo ndiyo sababu ya kulifikiria jiko la gesi. Hata hivyo, si kila kinachoitwa jiko la gesi kinafaa kuchomea nyama.

Madukani utakuta aina tatu. Ya kwanza ni jiko dogo linalotumia kopo la gesi la gramu mia mbili hivi. Hilo ni la kuchemshia chai na mayai, na yatosha kulisema hivyo.

Ya pili ni ule mtungi wa kilo sita wenye kichomeo juu yake, ambao Wakenya wengi huuita meko. Ndio mtungi ulioingiza gesi katika nyumba za watu wa kipato cha kawaida, na kwa sufuria ya ugali hauna mshindani kwa bei na wepesi. Kwa kuwa upo nyumbani tayari, msafiri huutia ndani ya gari, na afikapo kambini huweka wavu wa kuchomea nyama juu yake.

Hapo ndipo penye hatari, na inafaa tueleze kwa kituo.

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propeni na buteni uliogandamizwa hadi ukawa kimiminika. Ndani ya mtungi, kimiminika hicho hujaza sehemu kubwa, na nafasi inayobaki juu huwa na mvuke. Joto linapopanda, kimiminika hutanuka na shinikizo la mvuke huongezeka. Mtungi umeundwa kustahimili joto la kawaida la jua la Kitui. Haukuundwa kukaa chini ya tanuri.

Sufuria ya kawaida ni ndogo, na moto wake huelekea juu. Wavu mpana uliofunikwa nyama, au bamba la chuma linalozidi upana wa mtungi, hurudisha joto chini kwenye vali na kwenye mabega ya mtungi. Mafuta yanayodondoka kutoka kwenye mbavu za mbuzi huanguka papo hapo juu ya kichomeo, yakawaka, na pengine yakatiririka kando ya mtungi yangali yanawaka. Kisha upepo ukivuma na kuuzima moto, mwenye kambi huzungusha mabati au mawe kuzuia upepo, na kwa kufanya hivyo anaufungia mtungi pamoja na joto lote. Sijui kosa la kambini linalofanywa kwa nia njema zaidi kuliko hilo.

Ya tatu, na ndiyo tunayoipendekeza, ni jiko la kuchomea linalosimama peke yake kwa miguu au juu ya meza ya chuma, lenye vichomeo viwili na kifuniko, na linalopata gesi kwa mpira kutoka kwenye mtungi uliowekwa mbali kiasi. Umbali wa mita moja au zaidi, upande ambao upepo haupelekei moto, unatosha.

Jiko la aina hii kwa kawaida huhitaji kidhibiti cha shinikizo, kile ambacho mafundi hukiita regulata. Kichomeo cha meko hupokea gesi kwa shinikizo la mtungi, ilhali majiko mengi ya kuchomea yameundwa kwa shinikizo dogo. Anayeliunganisha jiko kama hilo moja kwa moja bila kidhibiti hupata ndimi za moto zinazoruka hadi usoni. Tena, kidhibiti cha mtungi wa kilo 13 huenda kisiingie kwenye vali ya mtungi wa kilo sita, kwa hivyo nenda dukani na mtungi wako, uvifungishe vyote pale pale mbele ya muuzaji, ndipo ulipe.

Mpira nao uwe wa gesi, si ule wa kumwagilia bustani, na ufungwe kwa vibanio vya chuma pande zote mbili. Jua la Mutomo hukausha mpira haraka. Ukiukunja ukaona mipasuko midogo, usiutumie tena. Kabla ya kuwasha, paka maji ya sabuni kwenye viungio na ufungue mtungi: povu likivimba, gesi inavuja. Kutafuta uvujaji kwa kiberiti ni desturi ambayo bado haijaisha, ajabu ilioje.

Je, mtungi wa kiasi gani unatosha? Hesabu yake si ngumu. Kilo moja ya gesi hubeba nishati ya takriban kilowati-saa 13. Kichomeo chenye nguvu ya kilowati tatu kikiwaka kwa ukali wake wote hula kiasi cha gramu 230 kwa saa. Mtungi wa kilo sita uliojaa hukitosheleza kichomeo kimoja kwa saa 26 hivi, au viwili kwa saa 13. Familia itakayolala nje siku mbili, ikachoma nyama mara mbili na kupika chai asubuhi, haitafikia nusu ya mtungi.

Isipokuwa iwe imepanga kupika isyo. Mahindi na maharagwe makavu huhitaji saa nyingi motoni, na muthokoi hali kadhalika. Wenye busara huvichemsha nyumbani na kuja navyo vikiwa vimeiva, wakabakisha kazi ya kukaanga tu.

Ili kujua kilichobaki, tazama uzito wa mtungi mtupu uliopigwa chapa kwenye chuma chake, upime mtungi kwa mizani, kisha utoe. Asiye na mizani amwage maji ya uvuguvugu ubavuni na kupitisha kiganja: mahali baridi inapoanzia ndipo kimiminika kilipofikia.

Tukija kwenye nyama yenyewe, wapo wanaoapa kwamba ya gesi haina ladha. Wana hoja, lakini nusu. Makaa yaliyokolea vyema hayatoi moshi mwingi. Sehemu kubwa ya harufu tunayoipenda hutokana na mafuta yanayoangukia kitu cha moto na kupanda tena kama moshi. Jiko zuri la gesi lina mabamba ya chuma juu ya vichomeo yanayofanya kazi iyo hiyo, na ambayo huzuia mafuta kuziba matundu ya gesi.

Tofauti kubwa iko kwenye subira. Mbuzi wa Ukambani, aliyetembea kutwa akitafuta majani, ana nyama ngumu isiyo na mafuta mengi. Ukimweka juu ya moto mkali wa gesi ataungua nje na kubaki mbichi kwenye mfupa. Washa kichomeo kimoja tu, weka paja upande wa pili usio na moto, funika, ulishushe joto, na uiache nyama zaidi ya saa moja huku ukiigeuza mara chache. Mwishoni ndipo uihamishie juu ya moto kwa dakika chache ipate rangi. Mbavu huhitaji muda mfupi zaidi. Nyama yenyewe inunuliwe kwenye bucha yenye mhuri wa mkaguzi, kwani mbuzi wa bei nafuu aliyechinjwa kichakani si nafuu.

Jambo ambalo halina mjadala ni mahali pa kuchomea. Jiko lisiwashwe ndani ya gari, ndani ya hema, wala chini ya turubai lililoteremshwa pande zote, hata mvua za Novemba zikinyesha namna gani. Moto usiopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala huwa haamki. Ni sumu ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la makaa chumbani msimu wa baridi.

Gesi yenyewe hutiwa harufu kali makusudi ili ijulikane inapovuja. Lakini ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni, pengine chini ya kitanda cha gari, ambapo pua haifiki upesi. Ndiyo maana magari yaliyoundwa vizuri huwa na kisanduku cha mtungi kinachofunguliwa kutoka nje tu, chenye matundu chini. Asiye na kisanduku hicho ausafirishe mtungi ukiwa wima, umefungwa kamba, vali imezibwa na dirisha limeachwa wazi, na autoe nje ya gari kila anapoegesha kwa muda mrefu. Gari lililofungwa juani Mtito Andei hupata joto linalozidi lile la nyuzi 50 ambalo makopo madogo ya gesi huonywa yasilifikie.

Mtungi ujazwe wapi? Kanuni za mwaka 2019 zinataka mtungi ujazwe na mwenye chapa au aliyepewa idhini naye. Wapo wanaoujaza kinyemela kwa kumimina gesi kutoka mtungi mkubwa, na bei yao huvutia. Usiku wa Februari 1, 2024, moto ulizuka katika kituo kisicho na kibali huko Embakasi, Nairobi. Watu kadhaa walikufa na mamia wakajeruhiwa. Mtungi uliojazwa hivyo huweza kuwa pungufu, jambo ambalo ni hasara, au kupita kiasi, jambo ambalo ni baya zaidi, kwa kuwa ile nafasi ya mvuke tuliyoitaja haipo tena. Mitungi halali hupatikana Wote, Emali, Kibwezi, Mwingi na mjini Kitui. Kagua lakiri na uomba upimiwe.

Aliyeishiwa gesi njiani hatalala njaa. Hekalu la Masingasinga mjini Makindu huwalisha wasafiri bila malipo, ingawa chakula chao hakina nyama na paja lako litabaki ndani ya gari.

Baada ya kula, funga vali ya mtungi kwanza, uache moto umalize gesi iliyo ndani ya mpira, ndipo ufunge viwashio vya jiko. Kisha usugue wavu na umwage trei ya mafuta mbali na kambi, ndani ya shimo lililofukiwa. Nyani hufika kabla ya jua kuchomoza, na karibu na Tsavo fisi hutangulia.